HOTUBA JUU YA MAJARIBIO YA DAWA YA SARATANI YA TEZI DUME

(Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa tawi hapa Kware, Kitengela. Wanachama waliokuwa zamu siku ile wameomba ichapishwe. Tunaichapa kama ilivyosemwa, ila tumeondoa jina la msemaji na la hospitali kwa ombi lake mwenyewe.)



Mmezoea kuniona nikisimama hapa kwa habari ya mishahara, ya viatu vya kazi na ya saa za ziada. Leo nina shauri jingine, ingawa nitafika kwenye mambo ya kazi kabla sijaketi. Nataka kusema juu ya maradhi yangu, na juu ya karatasi moja niliyoombwa kutia sahihi. Najua wengine wataona haya. Hata mimi naona haya. Lakini haya ndiyo iliyonichelewesha, na sitaki imcheleweshe mwingine.

Mnajua kazi yangu ilikuwa ya mawe. Mgongo uliponiuma nilisema ni kazi. Mke wangu alisema ni kazi. Ninyi nanyi mlisema ni kazi, na mwenzetu mmoja akanipa mafuta ya kuchua. Katika zahanati moja nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu kwa muda wa miezi saba. Usiku niliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, nikasema ni uzee, na huku nilikuwa na miaka 56 tu. Siku mguu wa kushoto ulipokufa ganzi ndipo nikapelekwa Nairobi, katika hospitali kubwa.

Huko walinipima damu kwa kipimo kiitwacho PSA. Kwa kawaida daktari hupenda hesabu yake iwe chini ya 4. Yangu ilikuwa zaidi ya 400. Wakachukua vipande vidogo vya tezi, wakapiga picha za mifupa, kisha daktari akanieleza: ni saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kutoka kwenye tezi na kuingia katika uti wa mgongo na nyonga.

Tezi hii kila mwanamume anayo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, ni ndogo kama ndimu, na kazi yake ni kutoa maji yanayochukua mbegu za uzazi. Saratani yake ndiyo ya kwanza kwa wingi kati ya saratani za wanaume hapa Kenya. Watu weusi hupatwa nayo zaidi kuliko wengine, na mtu ambaye baba yake au ndugu yake alikuwa nayo yu katika hatari zaidi. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni haina dalili. Ikikaa ndani ya tezi huweza kuondolewa kabisa. Ikifika mifupani haiondoki tena. Kazi ya daktari hapo ni kuizuia, na kumpa mgonjwa miaka na nguvu.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa uliofika hapo ina historia ndefu. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na kwamba ukizikata homoni hizo saratani hunywea. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hata leo tiba inaanzia hapo. Mimi nilipewa sindano kila miezi mitatu ya kuzima homoni. Maumivu yalipungua, nikarudi kazini, nikapewa kazi nyepesi getini. Lakini sitawaficha: mwili huwaka joto ghafula kama uliyesimama mbele ya tanuri, nguvu hupungua, na mambo ya chumbani hukoma. Mtu aelezwe haya mapema, yeye na mkewe pamoja.

Baada ya karibu miaka miwili ile PSA ikaanza kupanda tena. Saratani ilikuwa imejifunza kuishi bila homoni. Hapo ndipo daktari aliponiambia: “Mzee, kuna dawa tunazozijua, na kuna majaribio ya kidonge kipya. Wewe wafaa kuingia katika majaribio ukipenda. Usinijibu leo. Chukua karatasi hii, nenda nayo nyumbani.”

Ndugu zangu, neno “majaribio” lilinichoma. Nilipanda matatu kurudi Kitengela nikisema moyoni: sasa nimekuwa panya. Nilipofika nyumbani mwanangu mkubwa akasema, “Baba, usikubali, watakutumia kisha wakutupe.” Mke wangu hakusema neno. Usiku ndipo aliponiuliza, “Na dawa unazomeza sasa, ni nani aliyezijaribu kwanza?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nililichukua kwa Katibu wetu, tukaketi naye jioni tatu tukitafuta majibu, na nitawapa kwa kifupi yale tuliyoyapata.

Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyepona kifua kikuu. Zamani matibabu yake yalikuwa miezi 18, na wengi walichoka njiani, wakaacha dawa, wakafa. Ni nani aliyeonyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha? Ni wagonjwa wa Afrika Mashariki. Madaktari wa hapa kwetu pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakapewa dawa za miezi sita, wengine zile za miezi 18, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Walikuwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanganyika ya zamani na Zambia. Leo dunia nzima hutumia tiba fupi, na mzizi wake mmojawapo ni wagonjwa hao, ambao majina yao hatuyajui.

Vile vile jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa pale Mulago, na daktari John Ziegler na wenzake wakajaribu huko dawa za kutibu uvimbe wa taya wa watoto, ule uitwao uvimbe wa Burkitt. Watoto wengi walipona, na mafunzo yaliyopatikana Kampala yakaenda Ulaya na Marekani. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi siku zote tunapokea tu. Tumetoa pia.

Sasa kwa saratani yangu yenyewe. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa iliyoonyeshwa kuongeza maisha baada ya tiba ya homoni kushindwa. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya majaribio ya wanaume 1,006 kutoka nchi nyingi. Waliopewa dosetakseli, dawa ya kuingizwa kwa dripu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 18.9. Waliopewa dawa ya zamani, miezi 16.5. Mtaniambia, miezi miwili na kidogo ni kitu gani? Ni kidogo. Lakini ndiyo ngazi ya kwanza, na bila ngazi ya kwanza hupandi ya pili. Mwaka 2017 majaribio mengine mawili yalionyesha kwamba kidonge kiitwacho abirateroni, kikianzwa mapema pamoja na sindano za homoni, huwapa wagonjwa maisha marefu zaidi. Moja kati ya hayo, la Uingereza, lilianza mwaka 2005, na hata lilipofunga mlango lilikuwa limepokea wanaume zaidi ya 11,000.

Majaribio hayo hayo yalionyesha pia ni dawa zipi zisizofaa. Dawa moja ya kuimarisha mifupa, waliyotumaini itaongeza maisha, haikuongeza kitu. Hiyo nayo ni faida, maana mgonjwa hauzi ng’ombe wake kununua kitu kisichomsaidia.

Na kuna moja lililonigusa kuliko yote, kwa kuwa linahusu mfuko wa maskini. Abirateroni humezwa vidonge vinne tumbo likiwa tupu, nayo ni ghali. Madaktari wakiongozwa na wa Chicago walijaribu kwa wanaume 72, wengine wakimeza vidonge vinne bila kula, wengine kidonge kimoja tu pamoja na chakula cha asubuhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: hesabu ya PSA ilishuka kwa namna inayolingana. Fikirini, robo ya dawa! Lakini nawaonya, mtu asijipunguzie wala kujibadilishia dawa nyumbani kwa kusikia maneno yangu. Chakula huzidisha nguvu ya dawa hiyo mwilini, na anayemeza vinne pamoja na chakula aweza kujidhuru. Ni shauri la daktari. Nimelitaja ili mwone kwamba jaribio dogo likiuliza swali la haki laweza kumfaa mtu wa chini.

Tena mjue kwamba katika majaribio makubwa ya saratani hii washiriki wengi mno wamekuwa Wazungu, hali ugonjwa huu hutuuma sisi zaidi. Tukikataa sote, dawa zitaendelea kupimwa kwa miili ya wengine, kisha tuletewe sisi kwa kukisia.

Basi, je, mwanangu alikosea? Hakukosea. Yapasa niseme na upande huo, maana chama hakijengwi kwa kuficha. Kuanzia mwaka 1932 huko Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, wakubwa wa afya wa serikali waliwafuata wanaume weusi 399 wenye kaswende, wengi wao wakulima maskini, pamoja na wengine 201 wasiokuwa nayo. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”. Hawakutibiwa. Hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, walinyimwa. Jambo hilo liliendelea mpaka 1972, magazeti yalipolifichua, na rais wa Marekani aliomba radhi mwaka 1997, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Huo haukuwa utafiti wa heshima. Ulikuwa udanganyifu, na waliodanganywa walikuwa watu kama sisi.

Kwa sababu ya mabaya ya namna hiyo ziko kanuni. Madaktari wa dunia walipatana huko Helsinki mwaka 1964 juu ya kanuni za kumlinda mtu anayejaribiwa, na zimerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Hapa Kenya majaribio ya dawa hayaanzi mpaka kamati ya maadili iyapitishe na Bodi ya Dawa na Sumu itoe kibali, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na aridhie mwenyewe. Lakini ninyi mnajua, ndugu zangu, sheria ya kazi nayo imeandikwa vizuri, na bado twahitaji chama. Sheria haimlindi mtu asiyeuliza.

Kwa hiyo niliuliza. Karatasi yangu ilikuwa kurasa nyingi, tena kwa Kiingereza. Nikairudisha, nikaomba ya Kiswahili, nikapewa. Pale nilimwona mzee mmoja Mmaasai wa upande wa Kajiado asiyejua kusoma. Aliletewa mtu wa kumsomea kwa Kimaasai, na shahidi asiyekuwa wa hospitali akatia sahihi kando ya dole gumba la mzee. Ndivyo ipasavyo. Maswali yangu niliyaandika pamoja na Katibu, nanyi yaandikeni:

1. Nisipoingia, nitapewa tiba gani? Jibu: tiba ile ile ya kawaida, wala hakuna atakayenikasirikia.

2. Nitajuaje kama nimepewa kidonge kipya? Jibu: sitajua, wala daktari wangu hatajua. Kompyuta hupiga kura. Kikundi kimoja hupata tiba ya kawaida pamoja na kidonge kipya, cha pili tiba ya kawaida pamoja na kidonge kitupu kinachofanana nacho. Hufanywa hivyo ili matumaini ya mtu yasiharibu hesabu. Likitokea la hatari, siri hufunguliwa.

3. Je, kuna anayenyimwa tiba kabisa? Jibu: hakuna. Swali hili liulizwe kwa nguvu. Kama jibu ni kwamba kuna watakaoachwa bila dawa iliyopo na inayofaa, ondoka.

4. Nikidhurika, nani atalipa? Jibu: bima ya majaribio, nayo imeandikwa katika karatasi, ukurasa fulani. Nikaomba nionyeshwe ukurasa.

5. Nani atalipia sindano za kawaida, vipimo na nauli? Jibu: kidonge, vipimo vya majaribio na nauli ni juu yao. Sindano za kawaida ni juu yangu na bima yangu ya afya. Hili lilinishtua, maana nilidhani yote ni bure.

6. Majaribio yakiisha na kidonge kikionekana kinafaa, nitaendelea kukipata? Hapa daktari hakunipa ahadi kubwa. Alinionyesha kilichoandikwa: anayefaidika ataendelea kupewa mpaka muda fulani. Nilimheshimu kwa kutonidanganya.

7. Naweza kutoka? Jibu: siku yoyote, bila kutoa sababu.

Nilitia sahihi siku ya kumi. Mwanangu alinisindikiza. Hakuwa amekubali moyoni, lakini alikuja.

Sasa mtataka kujua nilipona? Sikupona, wala hakuna aliyeniahidi kupona. Miezi mitatu ya kwanza nilikwenda kila wiki mbili. Mwezi wa pili kipimo cha ini kikawa kibaya, wakanisimamisha kidonge wiki tatu, kisha wakanirudisha. Nilipimwa damu na shinikizo kwa uangalifu ambao sikuupata popote kabla. Muuguzi alinipigia simu nyumbani kuniuliza hali. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye alichoka na safari, akasema anatoka. Nilitazama watamfanyaje. Walimshukuru, wakamrudisha kliniki ya kawaida, na sindano zake akaendelea kuzipata.

Mimi nilikwenda vizuri miezi 14. Nilimwoza binti yangu katika miezi hiyo, nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe. Kisha PSA ikapanda, picha zikaonyesha madoa mapya mifupani, nami nikatolewa katika majaribio kama ilivyoandikwa. Leo niko kwenye dripu kila wiki tatu. Ile miezi 14, ilitoka kwa kidonge kipya au kwa tiba ya kawaida na kidonge kitupu? Sijui mpaka leo. Majaribio hayajafungwa. Wameahidi kunieleza, na kama sitakuwapo wamweleze mwanangu. Jina lake liko kwenye karatasi, aliliandika mwenyewe.

Nafika sasa kwenye jambo la chama. Mwaka ule wa kwanza nilihudhuria kliniki mara 15, na siku nne nyingine nilikwenda kwa picha. Jumla siku 19. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara katika mwaka. Jumla 14. Fanyeni hesabu pamoja nami: siku saba za nusu ni hasara ya siku tatu na nusu, na siku tano zilizozidi sikulipwa kitu. Nilipoteza mshahara wa siku nane na nusu, na hapo sikuugua hata homa ya kawaida. Nauli nilirudishiwa, mshahara hakuna aliyenirudishia. Mtu wa kibarua cha siku asingeweza kabisa. Ndiyo maana katika chumba kile cha kungojea niliwaona wenye kazi za ofisini wengi kuliko wenye mikono kama yangu. Tunasema dawa zipimwe kwa watu kama sisi, na huku tajiri na saa ya kazi hutufungia mlango.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu mbele ya tawi.

La kwanza: katika mapatano yajayo na matajiri, tuombe siku za kliniki za saratani, za majaribio na zisizo za majaribio, zihesabiwe mbali na likizo ya ugonjwa, mradi mtu alete barua ya hospitali.

La pili: tawi lichague watu wawili, mmoja anayejua Kimaasai, wa kuketi na mwanachama yeyote aliyepewa karatasi ya namna hii. Wasimwambie akubali wala akatae. Wamsomee, na wamsaidie kuandika maswali.

La tatu si la matajiri, ni letu. Mwanamume aliyepita miaka 45, na hasa ambaye baba yake au ndugu yake alikuwa na ugonjwa huu, aende akazungumze na daktari juu ya kipimo cha PSA. Na maumivu ya mgongo yasiyoisha, msiyaite kazi mpaka yamechunguzwa. Mimi niliyaita kazi miezi saba. Kama ningalikwenda mapema, huenda nisingalihitaji majaribio yoyote.

Bwana mmoja aliniuliza mlangoni kama ningeingia tena. Nimemjibu kwamba ningeingia, ila ningekwenda na maswali yangu tangu siku ya kwanza.

Naomba radhi kwa kuketi upesi, mgongo umechoka.

(Baada ya hotuba, maombi ya kwanza na ya pili yalipigiwa kura na kukubaliwa. Wanaotaka kuwa wasomaji wa karatasi wampe Katibu majina yao kabla ya mkutano ujao.)